Kutosha Kilio cha Baba

Juzi Jumapili simu iliita kutoka Bunia nikiwa nakunja nguo. Alikuwa Papa mukubwa, kaka wa marehemu baba yangu, mzee ambaye siku hizi hasikii vizuri na kwa hiyo huongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mama yangu ametimiza mwaka kaburini na ukoo unataka kupanga siku ya kumaliza msiba. Papa mukubwa aliniuliza swali moja tu, fupi, nikashindwa kulijibu papo hapo. Nilimwomba anipe muda kidogo. Kisha nikaenda kufungua sanduku la bati la mama, si kwa kutafuta kitu, ila mikono ilikuwa inataka kazi.

Chini kabisa, ndani ya kitenge cha njano chenye ndege, nilikuta leso. Leso nyeupe iliyogeuka kijivu, ndogo kama sahani ya chai, pindo lake limekwenda mrama kama njia ya mbuzi. Niliinusa. Baada ya miaka yote hiyo bado ilikuwa inanuka mkaa. Pindo lile nililitia mwenyewe nikiwa na miaka tisa, na leso nilimshonea baba ili ajifute machozi. Wakati ule baba alikuwa amelala ardhini mwaka mzima, na katika ukoo wetu, pande zote mbili za ziwa linalotenganisha Congo na Uganda, aliyekuwa hajui alikuwa mimi peke yangu.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa ugenini, huku mkiambiwa kila siku kwamba kwenu ni kwingine, mtanielewa. Tuliishi Hoima, upande wa Uganda, mama na mimi, katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Baba alikuwa amebaki Bunia, upande wa Congo, kulinda nyumba na ng'ombe wachache waliosalia. Tuliondoka nikiwa na miaka minne, kwa hiyo nilichokuwa nacho cha baba kilikuwa kidogo: koti lenye harufu ya maziwa, na namna yake ya kunitupa begani kama mfuko wa mihogo. Hicho kidogo nilikitunza sana. Nilikuwa nakirudia kila ninapooga, nisije nikakisahau.

Mwenye nyumba wetu alikuwa Bi Mwanaidi, mshonaji kutoka Tanga aliyemfuata mume dereva wa lori hadi Uganda. Mume alikwenda zake, cherehani ikabaki. Bi Mwanaidi alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa lugha. Mama akisema "mutoto iko na njaa", yeye hushika kichwa kwa mikono miwili kama aliyepigwa jiwe.

"Dada, mtoto ana njaa! Ana! Hiyo iko-iko yenu mmeiokota wapi?"

"Weye sema yako, miye niseme yangu," mama alimjibu akicheka. "Makala banauzaka bila grammaire."

Grammaire ni sarufi, makala ndiyo mkaa, na mama aliuuza kwa vikopo mbele ya lango. Mimi nilikuwa upande wa Bi Mwanaidi, tena kwa fujo. Nilijifunza kusema kilio cha, kiti cha, kisu cha, na nikirudi chumbani nilimsahihisha mama mbele ya wateja wake. Nilikuwa mtoto wa kuudhi, sina budi kukiri. Mama hakunikemea hata mara moja. Nadhani alifurahi kuona nina kitu cha kuringia, maana vingine hatukuwa navyo.

Mwaka mmoja kabla ya safari ninayotaka kuisimulia, alikuja mwanamke mchuuzi wa samaki kutoka Kasenyi, ng'ambo ya ziwa. Alisimama mlangoni, hakukaa, akamwambia mama maneno machache kwa sauti ya chini. Mama aliketi juu ya gunia la mkaa na nguo yake nzuri. Kesho yake alisafiri siku nne, akisema anakwenda kutafuta samaki. Alirudi bila samaki, kichwa kimenyolewa upara, amejifunga kitambaa cheusi begani.

"Nywele zimekwenda wapi?" nilimuuliza.

"Ilikuwa chawa," alisema.

Nilijikuna wiki nzima. Nilimsihi Bi Mwanaidi anikague, naye alifumua nywele zangu suka moja baada ya nyingine, na nilipogeuka nikaona machozi yanamtoka. Akasema ni moshi. Hapakuwa na moto uani siku ile. Kuhusu kitambaa cheusi mama alisema kwamba nguo nyeusi haionyeshi makala, na hilo nililiona ni la akili kabisa. Kwa nini muuza mkaa avae nyeupe?

Tangu hapo salamu za baba ziliongezeka. Zamani zilikuwa zinakuja mara moja moja; sasa zikawa kila wiki. "Papa anakusalimia, anasema soma muzuri." "Papa ametuma biskuti." Mara moja alituma viatu, vyeusi, vya kamba ya kufunga pembeni, vilivyonikaa sawasawa, nikastaajabu jinsi baba alivyojua mguu wangu bila kuuona. Halafu likaja kubwa kuliko yote: "Papa iko natujengea chumba." Nilitangaza shule nzima. Nilikuwa na chumba kinachojengwa katika nchi nyingine. Nani mwingine darasani alikuwa nacho?

Basi siku moja mama alikuwa anaongea kwa simu, mimi niko kizingitini na daftari langu. Nikamsikia akisema, "Ndiyo. Samedi tunatosha kilio ya papa yake. Nitakuya naye."

Samedi, yaani Jumamosi, niliijua; neno kutosha ndilo nililoandika pembeni mwa daftari nikaenda nalo kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa na pini midomoni.

"Bi Mwanaidi, kutosha maana yake nini?"

"Kutosha? Ni kufika kiasi. Nikikupakulia wali ukaona basi, ujue umekutosha. Kwa nini?"

"Ni la shule," nilidanganya.

Kilichobaki nilikifanya mwenyewe, kwa sarufi yangu safi. Kilio ya papa ni kilio cha baba. Kilio cha baba ni baba analia. Kwa hiyo baba yuko Bunia, peke yake, analia kwa sababu anatukumbuka, na sasa tunakwenda kumwona ili kilio chake kifike kiasi, kiishe. Nilimhurumia sana. Mtu mzima, mwanaume, mwenye ng'ombe, analia!

Sikujua kwamba kwa Kiswahili cha Bunia kutosha ni kutoa. Unatosha viatu, unatosha jino, unatosha sufuria motoni. Na mtu akifa, mwaka ukitimia, ukoo unakusanyika kutosha kilio: mjane anavuliwa nguo nyeusi, anavishwa mpya, watu wanakula, na walio hai wanaruhusiwa kucheka tena. Mama alikuwa amesema wazi kabisa, kwa lugha yake. Mimi ndiye niliyejifanya naijua kumzidi.

Nilimwomba Bi Mwanaidi kipande cha popilini nyeupe na ruhusa ya kukaa kwenye cherehani. Nilishona nimetoa ulimi.

"Ya nani hiyo?" aliuliza.

"Ya baba. Ajifute machozi."

Alishika gurudumu la cherehani likasimama. Kisha akaingia chumbani kwetu na kufunga mlango nyuma yake. Nikamsikia: "Dada, mwambie. Mwambie kabla hamjafika kule." Na mama: "Nitamuambia mu boti. Nakuapia." Nilidhani wanasema habari ya chumba, kwamba kimekwisha na wananificha ili nishangae. Nikatabasamu, nikakata uzi kwa meno.

Tulivuka Ijumaa asubuhi, kwa boti ya injini iliyojaa magunia ya unga, madumu na akina mama wenye biashara zao. Ziwa lilikuwa limetulia. Mama alikaa karibu nami akiufungua na kuufunga mkoba wake, kuufungua na kuufunga. Milima ya upande wa pili ilipoanza kuonekana kijani, akanishika mkono.

"Sikiliza. Nataka nikuambie kitu juu ya papa yako."

"Najua, Mama," nilisema.

Akashtuka. "Unajua?"

"Nilikusikia kwenye simu. Na tena nimemshonea leso." Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha.

Uso wa mama ulivunjika. Alinivuta kifuani, pale penye kitambaa cheusi, akalia kwa sauti mbele ya wale akina mama wote, na mwili wake ulilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. "Mutoto yangu," alikuwa anasema, "mutoto yangu, kumbe ulikuwa unajua wakati yote." Mimi nikampigapiga mgongoni nikamfariji kwa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nywele zinanisimama.

"Usilie, Mama. Kesho kitatosha."

"Ndiyo," akasema. "Kesho tutaitosha."

Ndivyo tulivyovuka, tumekumbatiana, kila mmoja akiamini tumeelewana.

Kasenyi ilitupokea kwa harufu ya samaki wa chumvi na makelele ya wachukuzi. Afisa mmoja alitazama karatasi za mama akauliza tunaelekea wapi. Mama akasema, "Kwetu," bila kuongeza neno. Tulipanda milima kwa gari la kukodi, tumebanana na vikapu vya samaki, na upepo ulivyozidi kuwa wa baridi ndivyo mama alivyozidi kuongea. Alinionyesha ng'ombe, alinionyesha mikalitusi, alinionyesha kanisa alilobatiziwa. Na mimi, mtoto wa Hoima, jambo la ajabu lilinipata. Kila mtu alikuwa anasema iko. Dereva, muuza ndizi, askari wa kizuizi: iko, iko, iko. Wote walikuwa wanaongea kama mama yangu. Nilitafuta ndani yangu hamu ya kuwasahihisha sikuiona. Vumbi jekundu la Bunia liliponiingia puani nilihisi kwamba nimerudi, ingawa sikukumbuka hata mlango mmoja. Sijui mwili unajuaje mambo hayo.

Nyumbani palikuwa pamejaa. Turubai limetandazwa, masufuria makubwa yamepangwa, wanawake karibu wote wamevaa kitenge kimoja, cha njano, chenye ndege. Nikaona kweli baba ametuandalia. Mama yake baba, tuliyemwita Tate, alinishika mashavu kwa viganja vikavu.

"Ona! Macho ya papa yake, sawa sawa."

"Shikamoo, Tate. Papa iko wapi?" Nilisema iko kwa makusudi, ili kumpendeza.

Tate hakushangaa swali. Alinishika mkono. "Kuya nikuonyeshe."

Tulizunguka nyuma ya nyumba, tukapita migomba, tukafika mahali palipofagiliwa vizuri. Palikuwa na sakafu ya saruji, mpya, imeinuka kidogo kutoka ardhini. Kwenye ukingo fundi alikuwa ameandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, nami nikasoma kwa sauti: majina yote mawili ya baba yangu.

"Njo apa," alisema Tate. Ndiyo hapa.

Chumba chetu! Msingi tayari. Nilipanda juu nikapima kwa hatua, urefu nne, upana mbili, nikasikitika kidogo.

"Kadogo sana, Tate."

"Ni kadogo, mama," alijibu kwa upole. "Lakini inamuenea papa yako."

Nikafikiri, kumbe ni chumba chake yeye, sisi tutajengewa kingine. Nikalala chali juu ya saruji ile, mikono ubavuni, kuona kama kitanda kitaingia. Saruji ilikuwa na joto la jua la mchana. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakanyamaza mmoja mmoja, na shangazi mmoja akainuka kunijia, lakini Tate akamzuia.

"Muachie. Alale kidogo na papa yake."

"Nitamwona lini?" niliuliza nikiwa bado nimelala, natazama majani ya mgomba.

"Kesho asubui. Siye wote tutamusalimia."

Nilikula sombe, yaani kisamvu, na bugali usiku ule mpaka tumbo likawa ngumu. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa imenichukua miaka mingi kumsamehe yule mtoto aliyekuwa na furaha.

Asubuhi ya Jumamosi nilivaa viatu alivyotuma baba. Leso niliikunja mara nne nikaibana kiganjani. Tulikwenda nyuma ya nyumba kwa mstari, mchungaji mbele, Papa mukubwa nyuma yake na suti ya kahawia, kisha wageni, wengine wametoka Mambasa, wengine Aru. Mimi nilikuwa nachungulia kati ya viuno vya watu, namtafuta mwanaume mwenye koti. Niliona wanaume wawili wanakuja kutoka upande wa barabara, wamebeba kitu kirefu kimefunikwa shuka. Wakakiegemeza kwenye mgomba wakaanza kuchimba shimo kwenye kichwa cha sakafu yetu. Nilikasirika. Wataipasua! Kisha wakavuta shuka.

Ulikuwa msalaba, umepakwa rangi nyeupe. Na kwenye ubao wake wa kukingama yalikuwepo majina yale yale mawili.

Misalaba nilikuwa naijua. Hata mtoto wa miaka tisa anajua msalaba unasimikwa wapi. Nilihisi moto kwenye nyayo. Si kichwani, si moyoni, nyayoni. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa saruji. Jana yake niliikanyaga, nilipima kwa hatua, nililala juu yake na kusema kadogo sana. Nikashuka kwa kuruka, nikainama, nikavua viatu, sijui kwa nini vilinichoma namna ile. Watu hawakuniona. Wote walikuwa wanamwangalia Papa mukubwa, aliyekuwa amefungua karatasi.

"Bandugu, Bwana asifiwe. Leo tunatosha kilio ya ndugu yetu. Mwaka imeisha. Mama huyu amelia, inaenea, basi. Sasa atoke mu giza."

Shangazi akamwendea mama, akafungua fundo la begani. Kitambaa cheusi kikaanguka chini. Mwingine alikuwa tayari amekunjua kitenge cha njano.

"Hakijatosha!"

Sauti ilitoka kwangu, kali, kwa Kiswahili changu cha Tanga chenye ki yake kamili. "Kilio hakijatosha! Bado! Hakijatosha!"

Mchungaji alifungua macho. "Huyu mutoto anasema nini?" aliuliza Papa mukubwa.

"Anasema kilio haiyatosha," mtu akamtafsiria.

"Haiyatosha namna gani? Si njo tunaitosha? Ni nani amemufundisha kukatalia mama yake?"

Mama alikuwa amesimama na kitenge kipya nusu begani. "Mama," aliniita, kama wanavyowaita watoto wa kike wakipendwa, "uliniambia mu boti. Ulisema unajua."

"Nilijua analia!" Nilikuwa napiga kelele. "Nilijua baba analia! Nimemletea ya kujifuta!" Nikainyoosha ile leso mbele ya watu wote.

Nimeona nyuso nyingi zilizoshtuka maishani. Sijaona tena kama ule wa mama yangu. Hakupiga yowe. Mdomo ulifunguka ukabaki wazi, na mkono wake ukaenda kichwani, kwenye nywele zilizokuwa zimeota tena. Alikuwa ananitazama na nadhani alikuwa anaisikia boti upya, neno kwa neno, kama nilivyokuwa naisikia mimi. Nyuma yetu mwanamke aliyekuwa anamenya ndizi jana yake akasema, "Yesu, na alilalaka juu yake." Ndipo watu wote wakaelewa.

Papa mukubwa alikunja karatasi yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ratiba. "Bon, haya," alisema. "Ni huzuni, nakubali. Lakini chakula iko tayari. Batu banatoka Mambasa, bengine Aru. Tutabaambia nini?"

Tate alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na msalaba. Hakuinuka.

"Utabaambia huyu mutoto amefiwa leo."

Mama alikitoa kitenge cha njano begani, akakikunja vizuri akamrudishia shangazi. Akainama, akaokota kitambaa cheusi, akakikung'uta vumbi, akakifunga tena mahali pake. Kisha akaja akaketi chini ardhini karibu nami, na wanawake wale wote wenye ndege wa njano wakaketi mmoja mmoja, wakaanza kulia upya kama vile habari imefika asubuhi ile. Wali wa sherehe uliliwa kimya, kama chakula cha matanga.

Mimi sikulia. Hilo ndilo lililonitisha. Macho yalikuwa makavu kama mkaa. Watu walinipapasa kichwa, walinipa soda, na leso ilibaki safi kiganjani. Jumapili tulipokuwa tunaondoka shangazi alikitia kitenge cha njano mkobani mwa mama, na Papa mukubwa akamfuata mama mpaka kwenye gari. Mimi hakuniaga.

"Na hii nyeusi utavaa mupaka lini?"

Mama akanielekezea kidevu. "Huyu njo atasema."

Hoima ilikuwa ile ile. Mama aliuza mkaa, na mimi nilirudi nyuma katika mwaka mzima nikiokota kimoja kimoja, nikimuuliza wakati anapima vikopo.

"Viatu?"

"Ilikuwa miye."

"Biskuti?"

"Miye."

"Chumba?"

Alijaza kikopo kingine. "Nilikosa ya kusema ile wiki," alijibu mwishowe.

"Na soma vizuri?"

"Ile ni ya kwake. Alisema yeye mwenyewe, mbele ya kufa. Banipatia ile salamu kule Bunia."

Nilimchukia, halafu nikaogopa kumchukia kwa kuwa nilibaki na yeye tu. Nilimchukia na Bi Mwanaidi, niliyemwona kila siku na pini zake, na nilimwambia kwamba neno lake lilikuwa la uongo. Hakujitetea. Alisema tu, "Samahani, mwanangu. Ningekuuliza umelisikia wapi." Tangu siku hiyo hakumcheka mama tena kwa iko yake.

Machozi yalikuja wakati sikuyatarajia. Msichana mmoja darasani aliniuliza kama kile chumba changu cha Congo kimeisha. Hakuwa na ubaya. Nilisema kimeisha. Nikatoka shuleni kabla ya kengele, nikafika langoni, nikamkuta mama amekaa kwenye gunia lake, nikaanguka mapajani mwake na begi mgongoni. Nililia mpaka wateja wakaondoka bila kuhudumiwa. Mama alinifuta kwa ile leso, mikono yake imejaa mkaa, na ndivyo ilivyopata ukijivu usiotoka mpaka leo. Nililia siku ile, na kesho yake, na siku nyingine nyingi, wakati mwingine kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Mama hakuniambia hata mara moja ninyamaze.

Kisha ikafika asubuhi moja ambayo niliamka nikaona niko mwepesi. Nilimkuta uani anachochea jiko.

"Mama," nilisema, kwa Kiswahili chake. "Tuitoshe."

Aliniangalia kama anapima. Hakuuliza kama nina hakika. Alipiga magoti, maana nilikuwa mfupi, akanisogezea bega nikafungua fundo kwa vidole vyangu. Lilikuwa gumu, nikatumia meno. Bi Mwanaidi alisimama mlangoni, shahidi wetu pekee, akatuletea chai ya maziwa kwa ajili ya sherehe. Mama alivaa ndege wa njano akauza mkaa siku nzima nao, wakachafuka, hakujali. Sikumsahihisha tena maisha yake yote.

Yote hayo nilikuwa nayo mapajani Jumapili ile, pamoja na leso, wakati Papa mukubwa anangoja simu yangu. Mama tulimzika Bunia, kando ya baba, kama alivyotaka. Safari hii nilijua kila kitu, nilikuwepo, nilimwosha mwenyewe. Kwa hiyo nilidhani mwaka ukiisha nitakuwa tayari kama watu wazima wengine wanavyokuwa tayari.

Na swali la yule mzee, aliyenikasirikia kwa ajili ya wali na kuniacha niondoke bila kuniaga, lilikuwa hili: "Mbele nipange siku, nakuuliza weye kwanza, na ile Swahili yako. Kilio ya mama yako imetosha?"

Nilimpigia. Alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Papa mukubwa," nilisema. "Bado."

Nikasikia kuku wa Bunia nyuma yake.

"Bon," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Basi, tutangoja. Batu ba Mambasa, nitabaambia miye."